Kadi za harusi: tiketi ya boti, doti ya kanga na ua la mkarafuu

Shaaban ikiingia tu, Unguja na Pemba kila nyumba inakumbuka kwamba ina mtoto wa kuozesha, ama kabla ya Ramadhani ama Mfunguo Mosi, na barua zinazofika katika ukurasa huu zote zinakuwa za kadi. Safari hii nimechagua zile ambazo wenyewe wanataka kadi iwaseme wao na mambo wanayoyapenda, badala ya yale mawaridi na pete mbili yaliyojaa madukani Darajani. Nia yenu naipenda. Michoro yenu, si yote.

SWALI: Assalamu alaykum dada. Mimi ni kijana wa Kwahani, mwenzangu kwao Wete. Tulijuana kwenye boti ya Pemba, yeye akirudi kwao likizo kutoka chuoni Tunguu, mimi nikienda kikazi. Sote wawili tunapenda kutembea na kuona sehemu za kale. Rafiki yangu ametuchorea kadi mfano wa tiketi ya boti: jina la abiria ni la mwalikwa, pa kuondokea bandari yetu ya Malindi, pa kufikia "Maisha ya Ndoa", na upande mmoja unachanika kama tiketi ya kweli. Marafiki wote wameipenda. Mama mkwe alipoonyeshwa akasema "nzuri", akaiweka juu ya meza, akenda jikoni. Mwenzangu anasema tuiache, ila sababu hasemi. Na mimi nimeshalipa nusu kwa mchapaji. Tufanyeje? — *Bwana harusi mtarajiwa, Kwahani*

JIBU: Waalaykumu salaam, kaka yangu. Mama mkwe ameshakujibu. Mtu mzima wa kwetu akisema "nzuri" kisha akainuka kwenda kutazama chungu, hiyo si nzuri.

Mwaka 2011 huenda ulikuwa ungali skuli. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba mwaka huo, meli ya MV Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba, imepakia watu kupita kiasi, wengi wao wakirejea makwao Pemba. Machozi hayajakauka, Julai 2012, MV Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Pemba ziko nyumba ambazo mtu aliagwa bandarini na hakuonekana tena, yeye wala maiti yake. Kadi yako itaingia katika nyumba hizo mkononi mwa mama mkwe wako. Yeye ndiye atakayebisha hodi, na mwenye nyumba ataifungua mbele yake, asome jina lake pembeni ya neno "abiria", pa kuondokea Malindi. Hatalalamika. Atasema "nzuri".

Simlaumu rafiki yako, kazi yake ni ya akili: mwalikwa ana nafasi yake, anachana kipande, anakiacha mlangoni. Mngejuana kwenye daladala la 505 ningekwambia chapa hata kesho.

Sasa, tiketi itoke, safari ibaki. Mnapenda sehemu za kale, basi chora ramani. Visiwa viwili kwenye karatasi moja, kwa mstari mwembamba wa wino mmoja, buluu iliyoiva au nyeusi: Unguja chini kushoto, Pemba juu kulia, kama vilivyo. Mwambie mchoraji asiifanye Pemba laini kama yai. Pwani yake ya magharibi imekatikakatika, imejaa hori na visiwa vidogo, na Mpemba akiiona imenyooka atajua kadi imechorwa na mtu asiyewahi kufika. Tia nukta Kwahani, tia nukta Wete. Halafu chagueni sehemu tatu au nne mlizozipenda kweli, mziandike kwa herufi ndogo mahali pake. Katika barua yako, sehemu ambayo sikuichapa hapa, umeitaja Kizimkazi, kwenye msikiti wa Dimbani wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Mwenzako umesema anapenda magofu ya Ras Mkumbuu na kisiwa cha Misali. Hizo zinatosha. Mlikwenda lini na nani, mimi sikuulizi na kadi isiseme.

Bahari iliyo baina ya visiwa viwili iacheni tupu, maana humo ndimo maneno ya mwaliko yatakamokaa. Ndiyo faida ya ramani hii: kadi nyingi zenye michoro hukosa pa kuandikia, wakaishia kubana majina ya wazazi pembeni. Hapa mlango bahari wenyewe ndio ukurasa. Na usitie boti hapo. Usitie jahazi, wala kitanga kidogo cha ngalawa kwenye kona.

Kuhusu fedha uliyotoa, ukichapisha kadi nyingi, gharama kubwa ni karatasi na zile sahani za chapa. Sahani kama hazijatengenezwa, mchoro unabadilika bila ya hasara. Muulize leo, usingoje keshokutwa. Tena ule mstari wa kuchania unatoka, na wenyewe ulikuwa na bei yake. Mchoro mpya ukiwa tayari, mwenzako ndiye aupeleke kwa mama yake, wewe usiende. Amuulize mama namna majina ya wazee wa Wete yanavyoandikwa, nani aanze na nani afuate, hapo ataikalia kitako.

SWALI: Dada, mimi kanga ndiyo maradhi yangu, nina sanduku zima. Mchumba wangu anapiga udi katika kikundi cha taarab. Tunataka kadi yenye vyote viwili, na jina la kanga liwe "Mtasema mchana usiku mtalala", kwa sababu mpaka kufika hapa tumesemwa sana. Pia wakwe wanataka kadi ya wanaume iwe mbali na ya wanawake, na mimi sioni fedha ya kuchora kadi mbili. — *Bibi harusi, Kikwajuni*

JIBU: Bibi harusi, umeniletea barua yenye jibu ndani yake. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Kadi nayo ina haja ya vitu hivyo hivyo: mzunguko wa kuishika, kati pa kupambia, na mahali pa maneno. Hata vipimo vinakaribiana. Kanga ni mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, kadi ya A6 ni milimita 148 kwa 105. Ilaze, usiisimamishe, maana kanga ikitandazwa hulala.

Pindo lisiwe jembamba. Kisu cha mchapaji hakikati pale pale kila mara, hucheza, na pindo la milimita tatu likikatwa vibaya upande mmoja huonekana nene na wa pili umekwisha. Lipe milimita kumi au kumi na mbili, na rangi yake iachwe ipitilize milimita tatu nje ya ukingo, hapo kisu kikicheza hakuna atakayejua.

Kwa rangi, chukua kisutu. Ndiyo kanga ya bibi harusi tangu bibi zetu, na ni nyekundu na nyeusi juu ya nyeupe. Nyeupe ni karatasi yenyewe, hulipii. Zinabaki wino mbili, na kadi ya wino mbili kwa mchapaji mwenye mashine kubwa ni nafuu kuliko ya rangi zote. Tena rangi zitatoka kama ulivyozitaka. Ile nyekundu unayoiona kwenye simu inang'aa kwa sababu simu ina taa ndani yake, karatasi haina. Mpelekee mchapaji kanga yenyewe aitazame kwa macho, usimtumie picha.

Kwenye mji weka udi wa mchumba wako. Na hapa nisikilize vizuri. Mwambie mchoraji autazame udi wa kweli, ikiwezekana ule ule anaoupiga. Udi una tumbo la mviringo mgongoni, shingo fupi isiyo na vikato, na kichwa chake kimevunjwa kurudi nyuma, pale penye vigingi vya kukazia nyuzi. Picha nyingi za mtandaoni wanazozichukua wachoraji wetu ni gitaa lililonenepeshwa. Mjini kwetu Unguja kipo kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa tangu 1905. Wenzake wa kikundini watakaoipokea kadi hiyo ndilo jambo la kwanza watakaloliona, na watamcheka mpaka siku ya harusi yenyewe, tena kwa mdundo.

Tuje kwenye jina. Hapana. Inaelezwa kwamba mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ndiye aliyeanza kuweka methali kwenye kanga zake, na tangu hapo watu wa pwani wakilisoma jina la kanga huuliza kwanza: anaambiwa nani? Ukiandika hilo ulilolichagua, wale watatu waliokusema hawatajijua, na wale mia mbili wasiokusema kila mmoja atadhani ni yeye. Kijembe kivae harusini kama hukiwezi kukimeza, watu wakuone kiunoni. Kwenye mwaliko mtu anaitwa, hafukuzwi. Mimi ningeweka "Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki", herufi kubwa, ndani ya kisanduku chake chini ya mji kama kanga inavyotaka. Baba yako akiona ni mzaha, basi dua fupi: "Mola tujaalie kheri".

Na hizo kadi mbili ndizo zinazonifurahisha. Kanga huuzwa doti. Basi toa doti ya kadi: pindo moja kwa zote mbili, mji tofauti. Ya wanawake ndiyo yenye udi na jina, pamoja na ukumbi na saa. Ya wanaume, ya kwenda msikitini kwenye ndoa, mji wake uwe mtupu, maneno ya wazazi tu, na chini badala ya jina la kanga paandikwe jina la msikiti na sala itakayotangulia. Mchoraji anafanya kazi moja na nusu, si mbili. Mume akiichukua yake na mke yake, wakiziweka pamoja kwenye meza ya nyumbani zinaonekana zimetoka sanduku moja. Wakwe wamepata walichokitaka na wewe kanga yako umeivaa.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mzee wa Makunduchi, namuoza binti yangu wa mwisho. Wameniletea kadi nusu nyekundu nusu kijani, kwa sababu yeye Simba na mchumba wake Yanga. Juu nembo za timu mbili, kati pameandikwa "Mechi ya Maisha", na ndoa imeandikwa "mpira unaanza saa 10". Jina langu nimelitafuta, nikalikuta chini karibu na namba za simu. Mimi si mtu wa kuwazuia vijana kufurahi. Lakini hii kadi ni ya nani? — *Mzazi, Makunduchi*

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kadi ni yako. Wewe ndiye unayealika, na anayealikwa anakuja kwa ajili ya uso wako. Upande wa bwana harusi watatoa yao, na huko jina la juu litakuwa la mzee mwenzako. Waambie vijana mbele ya kadi pawe pako, kwa maneno yetu yale yale: "Bwana na Bibi Fulani wa Makunduchi wanayo furaha kukualika katika ndoa ya binti yao mpenzi..., itakayofungwa Inshaallah siku ya..., baada ya Sala ya Alasiri, katika msikiti wa... Kufika kwako ndiko kufanikisha shughuli yetu." Hapo mpira usiingie hata neno moja.

Ila mpira waachie, mzee wangu. Simba na Yanga ndani ya nyumba moja si jambo dogo, na watu watakaokuja wanawajua vijana hao kwa ubishi wao huo. Nyuma ya kadi wapewe nafasi yao: skafu mbili, moja nyekundu na moja ya kijani, zimefungwa fundo. Basi, na maneno hayahitajiki. Hiyo itachekesha zaidi kuliko "Mechi ya Maisha", ambayo kila mtu ameshaisikia. Nembo zitoke kabisa. Nembo ya klabu ni mali ya klabu, huichapi bila ya ruhusa yao, na mchapaji mwangalifu ataikataa. Rangi hazina mwenyewe.

Kuhusu saa, ndugu zenu walioko Maskati na London wakiona "saa 10" watahesabu ya huko, waje usiku au wawe wameshafika tangu asubuhi. Sala haiwapotezi. Na kama kuna shughuli ya usiku, msiandike "usiku wa Ijumaa" peke yake, kwani nyinyi wazee kwenu huo ni Alkhamisi magharibi ikishaingia, na vijana watakuja kesho yake kukuta masufuria yanaoshwa. Andikeni siku na tarehe. Tarehe ya Hijria mkiitaka, tajeni mwezi tu na mwaka, maana mwezi huandama kwa kuonekana na kadi inachapwa wiki nyingi kabla.

La mwisho, mzee wangu, ingawa hukuniuliza: ikiwa mnafikiria Julai, tazameni kwanza Mwaka Kogwa, ile sherehe yenu ya mwaka mpya, unaangukia lini. Wiki ile Makunduchi hamtapata pa kuwalaza wageni wala gari ya kuwaleta.

SWALI: Mimi na mchumba wangu sote ni walimu wa madrasa. Hatuna mambo ya mpira wala muziki, tunachopenda pamoja ni Kur-ani na khati. Nataka juu ya kadi iwepo Bismillahi na ile aya ya ndoa ya Surat Ar-Rum kwa khati ya Kiarabu. Wifi yangu anasema kadi zote huishia jaani na itakuwa dhambi juu yetu. — *Mwalimu, Jang'ombe*

JIBU: Fatwa si kazi yangu, mwalimu, na wewe unawajua masheikh kuliko mimi. Nenda kwao, au Ofisi ya Mufti. Ninachoweza kukwambia ni kwamba wifi yako kwa habari ya jaa anasema kweli. Siku tatu baada ya harusi kadi nyingi zimeshafungiwa karanga.

Lakini penzi lenu msilifiche kwa ajili hiyo. Aya ya 21 ya sura hiyo iandikwe kwenye kipande cha pembeni, kirefu chembamba, karatasi nene ya gramu 300, kitobolewe juu na kutiwa utepe. Hiyo ni alama ya kuwekea ndani ya msahafu. Kadi yenyewe ibaki na maneno ya Kiswahili tu, itakayotupwa itupwe. Alama ya msahafu hakuna Muislamu atakayeitupa, na kila akifungua juzuu yake atawakumbuka kwa dua. Si lazima kila bahasha iwe nayo. Watu wa madrasa, wazee na jamaa wa karibu wanatosha.

Khati iandike wewe mwenyewe, kwa kalamu ya mwanzi kama unayo, kwenye karatasi nyeupe isiyo na mistari. Kisha ipigwe skani kwa nukta 300 kwa inchi au zaidi. Nakusisitizia mkono kwa sababu programu kadhaa za kuchorea hazikijui Kiarabu: unabandika aya iliyo sahihi, yenyewe inazikata herufi moja moja na kuzipanga kutoka kushoto, na mchapaji asiyesoma Kiarabu anaona ni pambo zuri, anachapa. Ikitoka sampuli, mpe hafidh aisome kwa sauti kabla hamjaruhusu mashine iendelee.

SWALI: Dada, sisi sote ni watoto wa karafuu, wa Mtambile. Tumekua tukipanda mikarafuu ya babu zetu, na kilimo ndicho tulichosomea. Tunataka kila kadi ibandikwe karafuu ya kweli. Watu ni wengi na fedha kidogo. Kaka yangu anasema kadi za karatasi zimepitwa na wakati, tutume picha kwa WhatsApp tumalize. — *Wachumba, Mtambile*

JIBU: Watoto wa karafuu, na mnasahau kwamba karafuu ina mafuta? Pale Wawi kiwanda kinakamua mpaka makonyo, yale mashina ya karafuu. Karafuu ikikaa ndani ya bahasha na joto letu, itatoa duara la kahawia kwenye karatasi na kupenya mpaka upande wa pili, juu ya jina la mwalikwa. Halafu kadi zenye kinundu hazipangiki, bahasha zinachanika, na wakati wa kugawa nusu ya karafuu zitakuwa zimebaki chini ya mkoba.

Chukueni harufu, karafuu muiache. Kadi zikishachapwa na kukauka vizuri, zitieni kwenye boksi lenye kifuniko pamoja na karafuu kavu zilizofungwa kwenye kitambaa safi, zisigusane na karatasi. Ziache humo siku kadhaa. Mtu akifungua bahasha, kabla hajasoma kitu, ameshajua mwaliko unatoka Pemba. Hizo za ndani ya kitambaa kikombe kimoja kinatosha. Msipeleke pakacha zima mjini kwa ajili ya kadi, mtaulizwa bandarini mpaka harusi ipite.

Mchoro ndio wa kuangaliwa. Nimeiona kadi moja nzuri sana yenye shada la karafuu, maua yote yamechanua, nyuzi zimetoka nje kama feni. Mchoraji alikuwa wa mjini. Karafuu iliyochanua imeshaharibika, na mnajua wenyewe huchumwa ingali imefumba, inaanza kupata wekundu. Chora kishada cha vitumba vilivyofumba: shina fupi, vijimeno vinne juu, na kidonge cha mviringo katikati ya vijimeno hivyo. Ukitaka kuonyesha mpo wawili, acha vikonyo viwili vitoke kwenye tawi moja. Mpemba ataelewa, na asiyeelewa ataona ni ua zuri.

Kwa fedha kidogo, wino mmoja wa kahawia iliyoiva juu ya karatasi ya kaki. Inapendeza kwa mchoro huo na hakuna anayejua kwamba ni bei nafuu. Hesabuni kadi kwa nyumba, msihesabu kwa vichwa: nyumba moja kadi moja, jina la mkubwa wa nyumba na "familia". Ongezeni chache za akiba, kwa kuwa daima yuko mjomba anayekumbukwa wiki ya mwisho, na kurudi kwa mchapaji kwa kadi kumi ni ghali kuliko kuzichapa pamoja na zile za mwanzo. Kama shughuli ni wakati wa masika, bahasha za gundi ya kulamba zitajifunga zenyewe ndani ya pakiti kwa unyevu. Nunueni za kukunja tu, au wekeni karatasi baina ya moja na nyingine.

Na WhatsApp sikatai. Wenzenu wa chuoni, walioko bara, walioko Oman, hao watumieni picha, tena ichoreni upya kwa kusimama ili isomeke kwenye simu, na mahali pa shughuli patiwe ramani ya kubonyeza. Wazee wapelekewe kwa miguu, na aliyeipeleka akae, anywe chai. Mkianza kwa picha mmeharibu. Kadi za mkononi zimalizike kwanza kugawiwa zote, ndipo usiku wake mtume za simu, kwa sababu shangazi akiiona kwenye simu ya mjukuu wake kabla hajaletewa yake, Mtambile nzima mtaipata harusini isipokuwa yeye, na biriani la harusi ndiye aliyekuwa alipike.